Ngozi ya Bihogo

Nkwenda, Karagwe
Oktoba 1953

Kwa kaka yangu mpendwa Cassian,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na shemeji yetu Placidia, na kwamba mvua za huko Masaka si kali kama za kwetu. Ukitaka kujua hali zetu, mimi sijambo. Mke wangu Kokushubira hajambo pia, ila mikono inamuuma kwa kuanika kahawa, na watoto wanakula na kulala. Migomba imesimama, na ng'ombe wamezaa. Habari nyingine za nyumbani nitakupa kwa taratibu yake, nami nakuomba uzisome hivyo hivyo. Nakujua kaka. Tangu shule ya misheni wewe ni mtu wa kufungua kitabu kwa ukurasa wa mwisho. Leo nivumilie.

Mchukuzi wa barua hii ni Tumwine, yule mfanyabiashara wa samli na ngozi anayevuka mto pale Murongo. Nimempa na kifurushi chako. Usikifungue mpaka umalize kusoma.

Nataka kukuandikia juu ya gari. Najua umekwisha kukunja uso, lakini nitaandika. Utakumbuka baba alivyolipata: yule Mzungu wa madini ya bati alikuwa anarudi kwao, na baba akampelekea ng'ombe, na watu wakasema Rwegasira amepata wazimu, anabadilisha wanyama wenye maziwa kwa bati lenye magurudumu. Kwa kuwa lilikuwa jekundu la kahawia, baba akaliita Bihogo, kama tunavyomwita ng'ombe wa rangi hiyo. Viti vyake vya ngozi alivipaka samli kila Jumamosi. Siku moja alitia samli hata kwenye difu, kati ya magurudumu ya nyuma, akisema chuma nacho kina viungo, na sisi tukaondoa sisimizi mle kwa siku nzima. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi pia nilicheka. Wakati ule tulikuwa bado tunacheka pamoja.

Ulipomaliza shule baba alikusimamisha mbele ya watu, akasema Bihogo ni wako, kwa kuwa wewe ndiwe mkubwa. Sikuona kijicho, Mungu ni shahidi. Gari lenyewe lilikuwa na injini ya silinda nne iliyochoka, na njia ya tambarare ndiyo iliyokuwa saizi yake. Mlima wa misheni hatukuupanda hata siku moja tukiwa tumekaa. Wewe ulishika usukani, na sisi wengine tulishuka kusukuma, na baba mwenyewe, na koti lake la kanisani, alisukuma kwa bega. Vijana wa mlimani walituuliza kama ng'ombe wetu ana mimba. Baba alizidi kusukuma. Ila siku moja aliniambia kwamba haombi makubwa, anataka tu kabla hajafa aupande mlima ule akiwa amekaa.

Kisha niliporudi kutoka vitani Abisinia, wewe ukaondoka kwenda Uganda. Nilikusindikiza mpaka ukingoni Murongo. Pale ulinishika mkono ukasema unaniachia vitu viwili, mzee na gari, nivitunze kama mtu anavyotunza ng'ombe wa rafiki yake. Maneno hayo ni yako, si yangu. Na mtu wa kwetu akiyasema anajua alichosema. Mtunzaji hunywa maziwa, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi yake, ili asije akadhani mnyama wake ameliwa.

Na Bihogo alikufa. Pistoni moja ilivunjika ikatoboa ubavu wa injini, mafuta yote yakamwagika njiani. Nilikuletea pistoni hiyo kwa mkono wa huyu huyu Tumwine, nikakuandikia kwamba ndiyo ngozi ya Bihogo. Ulinijibu kwa mzaha kwamba umeiweka mezani ofisini ishikilie karatasi zisipeperuke, na kwamba mzoga uliobaki niwape fisi.

Sikuwapa fisi. Nilikuwa na fundi ndani yangu, jeshi lilikuwa limenifundisha, na pale kwenye machimbo ya bati palikuwa na lori la jeshi limeoza kila mahali isipokuwa injini. Ilikuwa ya silinda nane, kaka, nzito kama dhambi. Nilimtoa dume langu, yule mweusi uliyempenda, ndipo nikaipata. Tuliileta nyumbani kwa kuiburuta juu ya shina la mti, kwa kamba za kufungia ng'ombe, na kila aliyevuta alikunywa lubisi, pombe ya ndizi ya mke wangu, mpaka mtungi ukakauka.

Haikuingia, bila shaka. Mtu mnene haingii katika shati la mtoto. Nilikata chuma cha kati cha chesesi, nikaisogeza rejeta mbele, nikaacha mbavu za boneti wazi kwa sababu hazikufunga tena. Injini ya namna ile ingeng'oa vishikio vya zamani, hivyo nikaenda kwa Nuwagaba mhunzi, akanifulia vingine kwa majembe yaliyochakaa. Breki zilinipa shida kuliko vyote. Kumpa gari nguvu ya kwenda bila nguvu ya kusimama ni kumchimbia mtu kaburi, na fimbo za breki nilizifumua na kuzifunga upya mara nisizozikumbuka. Kokushubira alisema angejua angeolewa na mhunzi mwenyewe, maana angalau huyo hurudi ndani mchana kula.

Baba hakubanduka pale. Alileta kigoda chake akakaa kando ya chesesi, akinipa spana nisiyoitaka na kunishauri juu ya vitu asivyovijua. Hiyo ndiyo miaka niliyokuwa na baba. Wewe ulikuwa naye utotoni, mimi nilikuwa naye kwenye ile injini.

Siku tuliyopanda mlima, baba alitandika kwenye kiti cha mbele ngozi ya ndama, maana kiti kilikuwa kimepasuka, akavaa koti na kofia. Nyuma walikaa Kokushubira, Nuwagaba na mkewe. Nilipofika chini ya mlima niliona baba ameshika kitasa cha mlango tayari kushuka, mazoea yana tabu. Nikamwambia akae. Nikatia gia, Bihogo akaunguruma, tukapanda mpaka juu bila mtu kushusha mguu. Kule juu baba aliomba nisimame. Alishuka, akalizunguka gari, akapiga boneti kofi la shukrani, ikamuunguza kiganja. Kisha akasimama njiani akaanza kumtamkia Bihogo majigambo, yale wanayotamkiwa ng'ombe wa sifa, huku machozi yakimtoka. Nilikuandikia habari hizo. Hukujibu juu ya mlima. Uliuliza tu kama rangi bado ni nzuri.

Ndipo mwaka huu akaja dereva wako na barua yako. Uliandika kwamba unafunga ndoa Masaka, unataka bibi arusi apande gari lako, na kwamba litarudi kabla ya msimu wa kahawa. Nilikataa. Nakiri nilimtukana dereva, na sitaki radhi. Baba akawaita wazee nyumbani, wakaketi, wakapewa kahawa za kutafuna, nami nikasema maneno yangu. Nilisema ng'ombe wa Cassian alikufa, ngozi akaipokea, na huyu anayetembea ni wangu. Nuwagaba aliniunga mkono. Lakini kila mwamba ngoma huvutia kwake, na baba alivutia kwa mwanawe mkubwa. Alisema tangu azaliwe hajaona ng'ombe aliyekufa akafufuka. Ikiwa Bihogo anatembea, basi hakufa, na ikiwa hakufa, ni wa Cassian. Na hiyo injini ni ndama wake, na ndama hufuata mama yake. Wazee walicheka wakapiga makofi. Nimesikia hukumu nyingi, ila hiyo iliniingia mfupani, kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyekaa kando yangu na spana mkononi.

Nisikufiche kilichofuata, maana dereva wako hatakuwa amekuambia. Kulipokucha baba alikuwa amevaa. Alikuwa na kanzu nyeupe, koti, kofia, na kibuyu cha samli ya kumpelekea shemeji. Alikwenda moja kwa moja akakaa kwenye kiti chake cha mbele. Dereva alimwambia, kwa adabu, siwezi kumsingizia, kwamba ameagizwa gari peke yake, maana linakwenda kwanza kupakwa rangi. Baba akashuka. Dereva akaiondoa ile ngozi ya ndama, akaiweka majanini, akisema inanuka. Baba aliiokota, akaikung'uta, akasimama nayo mpaka mngurumo ukapotea. Kisha akaniambia nisikuandikie, kwamba watu wenye harusi wana mengi.

Msimu wa kahawa ulifika, ukapita. Badala ya gari ilikuja picha yako umeegemea boneti, na miwani. Baba aliionyesha kila mtu, hata waliokwisha kuiona. Asante ya punda ni mateke, lakini baba yetu aliyapokea mateke yako akayaita salamu.

Sasa kaka, kaa vizuri.

Juma lililopita ile ngiri ya baba, ambayo miaka yote alikuwa akiirudisha kwa mkono, ilikataa kurudi. Alfajiri nilimkuta amejikunja, anatapika, tumbo gumu. Alichouliza kwanza ni Bihogo yuko wapi. Nilimjibu yuko kwa mwenyewe. Ndilo jibu nililompa baba yangu anayekufa, na tangu siku hiyo nimeshindwa kulitema na kulimeza. Lori la dukani lilikuwa limepita jana yake. Wanaume wakaja na machela, tukamlaza juu ya ile ngozi yake ya ndama, tukaanza safari ya hospitali ya misheni kwa miguu, tukipokezana.

Alivumilia tambarare yote. Tulipoanza kuupanda mlima, machela yakainama, naye akahisi mwinuko. Akafumbua macho, akashika mti wa machela kama alivyokuwa akishika kitasa cha mlango. Akatuambia tumshushe ili asaidie kusukuma. Nilimwambia baba, kaa, leo tunapanda. Akasema hapana, Bihogo amechoka, mwachieni Cassian usukani, sisi tusukume. Alirudia hivyo, sauti ikipungua, nasi hatukuwa tumefika juu. Ndipo wenzangu waliponiambia tumshushe, nikaelewa kwa nini.

Tumemzika katika migomba, karibu na mama. Sikukupelekea simu kutoka bomani, nami nakuambia wazi kwamba niliweza na nilikataa. Ungekuja na Bihogo amepakwa rangi mpya, angeupanda mlima kwa gia kubwa bila kuchoka, na watu wangeacha kaburi wakakimbilia kutazama gari. Nisingestahimili. Pengine ningekuua. Kiti cha mrithi ni chako, wazee wanakungoja uje ukikalie. Sitasema neno siku hiyo, maneno yangu niliyasema mara moja yakachekwa.

Sasa fungua kifurushi. Ni ile ngozi ya ndama. Kokushubira alitaka kuiosha nikamkataza, hivyo utaona alama za jasho lake, na ukiinusa utapata samli. Ulipoondoka pale Murongo uliniachia viwili nikutunzie. Kimoja umekichukua kikiwa hai, na ndama wake juu. Cha pili kimefia mikononi mwangu, na ngozi ndiyo hiyo, usije ukadhani nilimla. Iweke mezani ofisini, ishikilie karatasi zako. Mara hii hakuna mzee wa kusema kwamba hakufa.

Nisalimie sana shemeji Placidia, yeye hana kosa, na mwambie samli aliyowekewa na baba bado ipo, haijachacha. Kokushubira anakusalimu. Nuwagaba anakusalimu, lakini nilimlazimisha. Pokea pia salamu za watoto, ambao kila wakisikia mngurumo barabarani hukimbia nje wakidhani babu yao amerudi.

Wako, uliyemkabidhi,
mdogo wako Yustus Rwegasira