Kiungo cha Mguu wa Nyuma

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila hali ya baba si nzuri. Hatoki tena kitandani. Najua barua hii itakushtua baada ya miaka sita ya kununiana.

Juzi nilikivua kitambaa kile kiti kilichomwangusha baba mwaka ule, nikatoa na sponji. Kiungo chako cha mguu wa nyuma kiko imara, hata gundi haijaachia. Kilichovunjika ni ubao wa kukalia, pale nilipoukata kwa msumeno ili mikanda ya kushikilia sponji ipite, nikafunika kwa kitambaa. Na mimi ndiye niliyemwambia baba kuwa fremu yako mbovu, akakufukuza karakana. Nimekukosea. Njoo, nimweleze baba mbele yako.

Kaka yako

13 Machi

Kaka, shikamoo.

Mimi sijambo. Napakia magunia, msumeno sijaushika tangu siku ile. Wenzangu wakiniuliza kama nina ufundi wowote, nacheka tu. Mpe baba pole.

Sitaingia nyumba ile kama mshtakiwa. Mwambie wewe kwanza, kisha niandikie. Nitapanda basi siku hiyo hiyo. Ila usichelewe; nakujua kwa kuvutavuta maneno.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Baba tumemzika jana. Namba yako ya simu hakuna aliyenayo.

Siku ya mwisho nilimpelekea ule mguu na kipande cha ubao wa kukalia, bado vimeshikana. Sikumwambia ni vya kiti gani. Macho yalikuwa hayaoni tena, akapapasa kiungo kwa kidole gumba, kama alivyotufundisha. Akasema, "Hii kazi ya kitinda mimba wangu." Akatabasamu. Kidole kikateleza mpaka kwenye mkato wangu.

"Na hapa nani kakata?"

Nikasema, "Sijui, baba."

Nilijiambia nitamweleza kesho, akiwa na nguvu kidogo. Hakuamka. Jana makaburini niliwaambia watu wote ukweli, mpaka shangazi akaniomba ninyamaze. Lakini baba hakusikia. Naona aibu hata kukuandikia.

Kaka yako

20 Aprili

Kaka,

Shikamoo leo imenikwama.

Hicho kiungo alichokishika, nitumie. Upande wenye mkato wako ukate, ubaki nao.

Mdogo wako