Sakafu ya Roma

Salma mjukuu wangu,

Huku mtaani kwetu Bertrams tu wazima. Bibi yako anawaonyesha majirani picha zako za Roma mpaka wanamkimbia.

Umeniuliza ninakumbuka nini cha huko, tangu ujana wangu wa ubaharia. Sakafu. Usicheke. Kwenye mlango wa kanisa lile kubwa nilivua viatu, kama msikitini kwetu Tanga. Mlinzi alitabasamu, akaniacha. Wenzangu walitazama dari. Mimi nilitembea taratibu. Marumaru ile baridi ilikuwa imelika, ina vibonde, na nyayo zangu zikaingia humo kana kwamba watu wa kale wananitangulia. Hata leo nikisinzia kitini, miguu hunipoa.

Picha za dari zinatosha. Kesho vua viatu, uniambie kama wale watu bado wamo.

Babu yako