Kobe Mlangoni kwa Baba

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko, na kikohozi kimekuachia? Huku tupo. Mimi mgongo tu, ule wa kuinamia unga. Baba mwili wake una nguvu kuliko wangu. Kilichochoka ni kichwa.

Kiroboti ulichotuundia kimefika. Tumempa jina la Kobe. Anakaa mlangoni kwa Baba, na mzee akivuka kizingiti, simu yangu inalia kule kwenye mikate. Juzi alitoka na nguo za kulalia, nikamuwahi getini. Umetuokoa.

Tatizo ni Shangazi. Unamjua huyo paka wa marehemu Mama, hakuna mgeni anayepita bila kukaguliwa. Sasa Kobe akiwashwa tu, paka analaza masikio, anarukia juu ya kabati na kukojoa hukohuko. Mimi sisikii kelele yoyote. Ni nini?

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Shikamoo. Kikohozi kimepona, nashukuru. Upake mgongo dawa, usijikaushe.

Kobe haoni. Yale matundu mawili usoni, moja linatoa mlio mwembamba mno, la pili linausikiliza ukirudi, ndipo anajua kuna mtu mbele yake. Masikio yetu hayaupati. Ya paka yanaupata, na kwake ni kama mtu anakwaruza sufuria kwa msumari kutwa nzima. Nilimwasha mwenzake Kobe kwa fundi mwenzangu wa lifti. Paka wao aliingia chini ya kitanda akagoma kutoka.

Atazoea. Usimzime.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Huku si kuzuri.

Shangazi hakuzoea. Amehama, anashinda ukutani kwa jirani yetu mshonaji. Nikimbeba kumrudisha ananirarua mikono. Na Baba, tangu Mama atutoke, alikuwa haongei na mtu ila huyo paka, anamwita kwa jina la Mama. Sasa amenyamaza kabisa. Chakula anakitazama. Jana tu aliniuliza, “Mama yenu nimemkosea nini?” Nikamwambia anakuja. Ningesema nini?

Kaka yako

11 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kazini, nikajifungia chooni.

Natengeneza kifaa kingine cha kumwekea Kobe, kinachotumia mwanga, hakina mlio. Nipe muda. Kwa sasa mzime ukiwa nyumbani, paka aingie. Ukiwa kazini awe amewaka, hata kama paka atahamia mwezini. Nakuomba, kaka.

Mdogo wako

7 Mei

Mdogo wangu,

Simu niliyokupigia nililia tu, hukunielewa. Acha niandike.

Jioni ile nilimzima Kobe kama ulivyosema. Shangazi aliingia kwa kunusanusa, akapanda mapajani kwa Baba. Mzee akacheka. Alimaliza sahani, akaniuliza kama hamira ya siku hizi inaumua vizuri. Mdogo wangu, aliniita kwa jina.

Asubuhi nilipotaka kutoka, paka alikuwa amelala miguuni pake, mkono wa Baba juu ya mgongo wake. Nilishika swichi ya Kobe. Nikaiacha bila kumwasha, nikasema moyoni, leo tu. Nikaenda kazini.

Mvua ilikuwa inanyesha. Mshonaji alinifuata hadi kwenye tanuri, sikumjua kwa jinsi alivyolowa. “Njoo,” akasema, “mzee.” Paka alikuwa ametoka, Baba akamfuata, akateleza kwenye mtaro nyuma ya karakana ya mbao. Wapasua mbao walimsikia akiita jina la Mama, wakadhani anaita mtu aliye naye. Walipozima mashine kwenda kutazama, maji yalikuwa yameshamfunika.

Tulimzika kando ya Mama. Sina la kujitetea. Niandikie, hata matusi.

Kaka yako

25 Juni

Kaka,

Shikamoo.

Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Nilikuomba kitu kimoja. Najua kama ungekuwa umemwasha Kobe, Baba angekufa taratibu pale kitini, hali wala hasemi. Najua na kwamba alicheka. Najishikiza hapo, mara nakumbuka mtaro.

Nimepata ruhusa kazini. Nitakuja mwezi ujao kuliona kaburi. Nitafikia kwa mshonaji, nimeshaongea naye. Usije kunipokea.

Binti wa Baba