Taa Zako Kwenye Pilipili za Baba

Mdogo wangu Nafula,

Unakumbuka Desemba ile uliporudi kutoka Ujerumani, ukachimba katikati ya mimea ya Baba hapo nyumbani Sirisia na kufukia nyaya zako? Ulimweleza kwamba taa ya buluu kwenye mchaichai itawaka mvua ikinyesha huko kwako, na ile nyekundu kwenye pilipili itadunda pamoja na moyo wako, kwa kuwa saa unayovaa mkononi inatuma mapigo yako kwa intaneti. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Sasa mtoto wangu ataishi hapa kwa bustani," alisema.

Tangu hapo, kila Jumamosi nikifunga kibanda changu cha kushona sare hapa Kitale, nampelekea unga na dawa zake za presha. Namkuta kibarazani, macho kwenye pilipili.

"Baba, nimefika."

"Ngoja kidogo, Nekesa. Nafula anakimbia."

Nasimama na mizigo yangu mpaka umalize kukimbia.

Nimekuonea wivu, Nafula. Mimi ndiye namkata kucha, najua goti linalomsumbua, lakini hakuna taa inayowaka nikiwa njiani. Jirani akipita anaonyeshwa wewe kabla hajapewa chai. Hata kumwagilia hizo pilipili ni kazi yangu.

Jumamosi iliyopita taa nyekundu ilidunda kwa kasi, na mchaichai nao ulikuwa umewaka. Baba alinishika mkono. "Huyu hakimbii. Kwake kunanyesha, na hapendi kukimbia kwa mvua. Mpigie."

Nilienda nyuma ya jikoni nikakupigia. Ulikuwa umekaa sakafuni chumbani kwako, unalia. Ulisema wiki nzima imepita bila mtu kukuita kwa jina. Kisha ukasema, "Si wewe unamwona kila wiki? Unamshika. Mimi nimebaki kuwa taa tu. Nakuonea wivu, dada."

Nilikaa na wewe kwenye simu mpaka pumzi zako zikatulia. Niliporudi, Baba alikuwa ameshajua, maana pilipili zilikuwa zinadunda polepole.

"Alikuwa na nini?"

"Upweke, Baba."

Akaacha kuzitazama pilipili. Halafu akaniuliza kama mimi nimekula. Sikumbuki mara ya mwisho aliponiuliza hivyo.

Kuna jambo sikukuambia siku ile. Uliposema unanionea wivu, nilifurahi. Nilikuwa nakubembeleza huku nafurahi, na mpaka leo sijui nifanye nini na furaha hiyo. Lakini wivu wangu haujaisha, usidanganyike.

Njoo Desemba hii. Wiki ya kwanza nitabaki Kitale, uwe naye peke yako. Wiki moja tu, Nafula. Baada ya hapo nakuja.

Anayekuwaza kila mara pilipili zikidunda,
Dada yako Nekesa