Kwa Colman, Mjukuu wa Sabina

Colman, mengi ya siku yako ya mwisho sikuyaona kwa macho yangu. Aliyenieleza ni Maricel, yule binti Mfilipino wa chai kule hotelini, kesho yake baada ya kukuzika, tumekaa jikoni na mbwa wako yuko chini ya meza. Leo umetimia mwaka kamili tangu ulale, nami nayaandika kabla hayajanitoka.

Bado nachemsha viazi vya watu wawili. Bado nakusikia ukikung'uta buti mara tatu mlangoni, hata siku ya jua. Nguo zako zilinukia moshi wa kuni miaka yote hamsini na mbili ya ndoa yetu, kwanza moshi wa jumba la mabwana akina Aldworthy, kisha moshi wa hoteli. Ulikuwa unasema kuni ni zile zile, ila zimepandishwa cheo.

Ulipokuwa ukibeba kuni hukuwahi kupita mlango wa mbele wa jumba lao la Clonaddra. Ulipita njia ya chini ya ardhi, ile waliyochimbiwa watumishi ili mabwana wakitazama bustani wasimwone mtu amebeba makaa. Bibi yako Sabina aliingia kwa njia hiyo akiwa na miaka kumi na minne. Bibi mkubwa, mke wa bwana, akamwambia, "Wasichana wangu wa ndani wote huitwa Mary. Siwezi kushika jina jipya kila mwaka." Basi akawa Mary, mpaka alipoolewa na mtunza bustani.

Kisha wakaja vijana waliopigania uhuru kuchoma jumba, kama walivyochoma mengine ya mabwana wa Kiingereza mwaka ule. Bwana alikuwa Uingereza. Sabina akatoka chini ya ardhi na aproni yake, akawakuta ukumbini na madebe ya mafuta ya taa, wamejifunga skafu usoni. Akamtazama mmoja.

"Peadar, toa hiyo skafu, itashika moto. Mama yako anajua uko huku?"

"Mimi si Peadar."

"Basi mwambie Peadar kwamba tuko ishirini na wawili tunaokula kwenye jiko hili, na dada yake ni mmojawapo. Mkishachoma, kesho Peadar atatulisha nini? Majivu?"

Wakaondoka na madebe yao. Bwana aliporudi alimshukuru Mary, akampa birika lenye ufa.

Birika tunalo. Jina ndilo lililobaki kule.

Jumba lilipoanza kuvuja akina Aldworthy waliuza, likawa hoteli ya watu wanaofika kwa helikopta. Ulipozeeka kubeba kuni wakakuvisha kizibao cha sufu, wakakupa kigoda kando ya moto wa ukumbini, uwasimulie wageni historia kila saa tisa alasiri. Na historia wakakuandikia wao: eti bwana mkubwa aliwapokea wachomaji kwa mvinyo, wakalewa, wakaenda zao wakiimba. Miaka kumi na mmoja umeisema hiyo. Ulirudi umechoka kuliko siku za kubeba kuni.

"Concepta, leo tena nimemsifu mtu ambaye hakuwepo."

"Kula, viazi vinapoa."

Ndivyo nilivyokuwa nakujibu.

Halafu wakafungua Chumba cha Chai cha Mary. Wasichana wote wanaohudumu wakabandikwa beji za Mary kifuani, wa kutoka Poland Mary, Maricel Mary. Siku hiyo hukula. Ulimwendea meneja, Bwana Tighe, ukamwomba beji zitoke na jina la Sabina liandikwe ukutani.

"Colman, wageni wanaipenda Mary," akasema. "Sabina nani anamjua?"

"Mimi namjua."

"Basi mjue nyumbani kwako. Ukilileta tena mbele ya wageni, itabidi tukupumzishe."

Na mimi nikakuambia uache. Moyo wako ulikuwa mbovu, daktari kasema, na kigoda kile ndicho kilichokuwa kinakutoa kitandani asubuhi. Nikasema aliyekufa hadai jina. Uliniangalia, ukaenda kulisha kuku. Naomba unisamehe, Colman. Nilitaka utulivu tu.

Sasa haya ni ya Maricel. Anasema siku ile mama mmoja mgeni alikuuliza, "Na huyu Mary alikuwa nani hasa?" Ukasukuma kuni motoni. Ukasema, "Hakuwepo Mary, mama. Alikuwa bibi yangu mzaa baba, akiitwa Sabina, na hapa uliposimama ndipo aliposimama yeye." Ukasimulia yote, skafu, madebe, mpaka birika. Watu wakacheka pa kucheka.

Bwana Tighe akatoka ofisini. "Colman, wageni wana ratiba."

"Nimemaliza, bwana. Ya kwako nimesema miaka kumi na mmoja. Ya kwangu imechukua dakika kumi."

Ukamgeukia Maricel. "Na wewe, mama yako alikuita nani?"

"Maricel, babu."

"Basi, Maricel, niletee chai. Mimi nimechoka."

Akavua beji, akaiweka kwenye sinia. Aliporudi alikukuta hupo kwenye kigoda. Ulikuwa umekaa kwenye kiti kikubwa cha bwana mkubwa wa zamani, mikono juu ya magoti, umelala. Akasogeza kikombe kisije kikamwagika, akakufunika shali. Saa ilipogonga kumi na moja akakugusa mkono.

Bwana Tighe alikuja matangani, akala mkate wangu, akasema suala la jina ataliangalia. Bado analiangalia. Chumba ni cha Mary mpaka leo. Lakini wasichana walikataa beji, wakapewa zenye majina yao. Ni hilo tu nililo nalo la kukuletea.

Mwezi wa tatu tulipata kitukuu. Nilitaka aitwe Sabina. Mama yake akasema ni jina la kizee. Sikubishana. Nawe ungesema mtoto ni wa mama yake.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Concepta, watoto wako Fergal na Assumpta, wajukuu wanne, na kitukuu Ailbhe, ambaye amelala kifuani kwa Assumpta, na Assumpta naye amelala. Maricel ameniomba nimtaje, nimemtaja. Jina lako litaitwa katika nyumba hii maadamu yupo wa kuita.

Sasa ni saa tisa, saa yako. Chai nimeinywa kutoka birika lenye ufa. Nimekaa kwenye kiti chako, Colman, macho yanajifumba, nami nayaacha yajifumbe.