Fumbo la Viganja Viwili

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimevunja msumeno mwingine. Mninga mgumu. Na ubao wa fumbo bado mkubwa: mke wangu Salome akifika katikati vidole vinapotea, anaanza tena kutoka ukingoni.

Kwenye kompyuta ya ofisi fumbo hili lilijaa kioo kizima, naye alilimaliza huku anakunywa chai. Kuta, masanduku, mtu mmoja wa kuyasukuma mpaka kwenye alama zake. Kusukuma tu, kuvuta hakuna. Mimi nilikuwa mchora ramani, yeye opereta wa kompyuta. Nilimtungia mafumbo, akanipenda. Sasa shirika letu limeuzwa, kompyuta imekwenda nalo, na macho yake yanakwisha. Namchongea kwa mbao.

Alhamisi, 9 Machi

Hospitali. Presha ya macho, daktari karudia. Kilichokwenda hakirudi, matone ni ya kuchelewesha tu. La kushoto limekufa. Kwa la kulia anaona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

Njiani alinishika mkono. Naogopa.

Jumapili, 19 Machi

Nimepunguza. Kila fumbo lazima litoshe chini ya viganja viwili, asiinue mkono. Nikaondoa vyumba, nikabakiza kona. Leo baada ya ibada nikampa. Akamaliza kabla chai haijapoa. Nikafurahi kama mjinga.

"Elia, hili ungempa mtoto."

"Nilidhani—"

"Umenihurumia. Usinihurumie tena."

Akausogeza ubao pembeni. Ana haki. Sikutunga fumbo, nilitunga pole.

Jumanne, 4 Aprili

Nimeupata mlango usiorudi!

Sanduku moja, kona mbili. Ukitokea chini linasogea, unapita. Ukigeuka ulisukume kutoka juu, linaganda ukutani na njia imekufa. Lazima ujue kabla hujapita kwamba huna la kurudia huko. Zamani mtego kama huu ulinimalizia nusu ya kioo. Sasa unafunikwa na vidole vinne. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii. Hakuna wa kumwonyesha ila yeye.

Jumatano, 5 Aprili

Alishinda nao tangu asubuhi. Kila mara alijifungia njia. Namrudishia masanduku mwanzo, anajifungia tena. Alikataa nimwelekeze.

Mchana aliuliza kwa nini nimefunga dirisha. Lilikuwa wazi. Jua limejaa chumbani. Nikasema liko wazi, akaelewa.

Ndivyo tulivyojua kwamba la kulia nalo limekwenda. Aliutupa ubao ukutani. Akalia mpaka sauti ikakauka. Nilikaa sakafuni.

Jumamosi, 22 Aprili

Kaka yake, shemeji Yona, alikuja jana kutoka Kibakwe kumchukua. Nimepata kibarua kwenye mashamba ya zabibu Makutupora, natoka alfajiri, Salome anabaki peke yake. Wiki iliyopita aliungua mkono kwenye jiko la mkaa. Majirani ndio waliopeleka habari.

"Usinune, shemeji," Yona alisema. "Nyumbani kuna watu mchana kutwa."

Nikamwambia Salome nitaacha kibarua. Akauliza, "Halafu tule nini?" Nikamfungashia nguo. Nilipotaka kutia na mbao, akanizuia.

"Ziache. Ukichonga unakuwa hupo, Elia. Nimekaa miezi yote hii na mtu asiyekuwepo."

Wameondoka na basi la asubuhi. Nyumba kimya. Nimekula ugali wa jana. Sina hasira naye. Ningekuwa nayo ningefanya kitu.

Jumapili, 11 Juni

Nimefika Kibakwe. Salome alikuwa uani kwenye mkeka, anamenya karanga na mama yake. Alinitambua kwa kikohozi, kabla sijamwamkia mama mkwe. Mama akaitikia marahaba, akainuka akatuachia nafasi.

Amenenepa kidogo. Alinipapasa uso, akasema nimekonda. Nikasema kweli.

Hatukuzungumzia kurudi. Nikaketi upande wa pili wa ungo nikaanza kumenya. Ananizidi kasi. Yeye haachi hata ganda moja, mimi naacha. Akawa anayatafuta yangu na kuyatoa.

Ungo ukajaa. Tukaumimina kwenye gunia, tukaanza mwingine.

Lori la Mpwapwa lilipopiga honi barabarani, akasema, "Nenda, utaachwa."

Nikapangusa mikono, nikaenda.