Ngazi ya Mbele

Jumapili, Novemba 1998. Scarborough.

Mvua ya baridi tangu asubuhi, ile isiyoamua kama iwe theluji. Nimezunguka sebuleni mpaka mke wangu ameniambia nikae au nitoke.

Jana binti yetu Tumaini alitupeleka kuona jumba anakotaka kufanyia harusi yake. Jumba la tajiri wa zamani: kuta za mbao nyeusi, dari yenye maua ya plasta, na ngazi pana ambayo bibi harusi huishuka huku wageni wakimtazama kutoka chini.

Nimeandika miaka mingi dhidi ya majumba ya namna hii. Nikaanza kutafuta walikopita watumishi. Nikapata kijilango kilichofunikwa kwa mbao zilezile za ukutani ili kisionekane. Nyuma yake, ngazi ya giza, nyembamba, mabega yangu yakigusa kuta zote mbili. Huko ndiko wasichana walikopandisha makaa na kushusha vyombo vya mkojo, wenye nyumba wasije wakawaona.

Nikatoka na vumbi na hotuba. Mwanamke anayetembeza wageni alitabasamu mpaka tabasamu likamwishia. Nikamwambia Tumaini kwamba mimi simshushi ngazi ile, amtafute mjomba wake amshike mkono.

"Baba Tumaini," mke wangu akasema, "gombana na hao marehemu wenyewe. Mtoto mwache."

Nilitegemea Tumaini anijibu kwa Kiingereza, kama siku zote.

"Baba, mimi kule hotelini kila siku napita nyuma. Trei mkononi, ngazi ya wafanyakazi. Unafikiri siijui hiyo? Siku moja tu nataka kushuka ya mbele. Na wewe."

Nikaanza kujipangusa vumbi la ile ngazi ya nyuma.

Mimi, mwenye jibu la kila kitu!

Leo kutwa nimetafuta la kumjibu. Naweza kusema heshima haikodishwi kwa siku moja. Ni kweli, na ningeiandika gazetini bila kupepesa. Kumwambia yeye usoni, siwezi.

Basi nitamshusha. Sijafuta hata neno moja la jana. Lile jumba bado linanichefua. Kesho nitampigia simu kabla hajamwomba mjomba wake.

Nisichoweza kuahidi ni kimya. Je, nitafika chini ya ngazi ile bila kufungua mdomo?